Leo Fundi Yuko Nchi Gani?

Bibi Emerensiana alivuka mto kwa mara ya nne siku ya Jumatatu, na kwa mara ya nne aliikuta redio yake imelala chali juu ya meza ya fundi, matumbo nje. Ilikuwa redio ya bendi tatu, kitambaa chake cha mbele kimepauka kwa moshi wa jikoni. Aliileta kabla ya Pasaka. Sasa Mei ilikuwa inakatika, na kule Lupiro mpunga ulikuwa umeshabeba masuke.

"Shikamoo bibi," alisema fundi Raimundi, akiinuka upesi kama mwanafunzi aliyekutwa amelala darasani.

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Bado kidogo tu, bibi. Kuna kifaa nakisubiri kutoka Morogoro. Njoo Alhamisi."

Frida, mkewe, alikuwa hatua sita kutoka hapo, chini ya bati lile lile, akigeuza vitumbua. Aliposikia habari za kifaa cha Morogoro, kijiti kilimsimama mkononi. Hakuna kifaa kilichoagizwa. Kama kingeagizwa, pesa zingetoka kwenye kopo la vitumbua, na kopo hilo yeye ndiye aliyelala nalo kichwani kila usiku.

Laiti bibi angegomba! Watu wa Ifakara wanajua kujibu mtu anayegomba. Lakini yeye aliitazama redio yake kidogo, akakaza kanga kiunoni.

"Alhamisi sitaweza. Kesho nahamia dunguni kuamia ndege, wameshaingia shamba. Nitakaa huko mpaka mavuno. Basi ibaki tu, mwanangu. Ukipata nafasi, sawa. Usipopata, itumie kwa vipuri."

Mtoro, mwenye duka la jirani, alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa, na Mtoro hakuumbwa kuacha neno lipite. "Bibi, usimlaumu," alisema. "Fundi wetu huyu ni msafiri. Ee fundi, leo uko nchi gani?"

Wateja wawili wakacheka. Raimundi naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

Frida alifunga vitumbua vinne kwenye gazeti, akamfuata bibi barabarani. Bibi akapokea viwili, akarudisha viwili. "Hivi vya mtoto wako," alisema.

"Bibi, samahani nikuulize. Redio hii una haraka nayo ya nini? Salamu?"

"Nani anitumie salamu mimi?" Bibi akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Nina mdogo wangu, Damiani. Yuko Morogoro, amelazwa tangu Pasaka. Mwanawe Evaristo aliniandikia: shangazi, kule shamba barua haifiki, likitokea lolote nitatangaza redioni. Wewe sikiliza matangazo ya vifo. Ndivyo alivyoandika. Sasa nakwenda dunguni sina sikio."

Akashika njia ya kivukoni. Frida alibaki amesimama na gazeti lake mkononi. Aibu aliyoisikia siku ile hajapata kuisikia hata alipofukuzwa nyumba ya kupanga.

*

Ajabu ni kwamba Raimundi hakuwa mvivu. Hilo ndilo lililomchanganya Frida. Mume mvivu anajulikana, na dawa yake inajulikana. Huyu alifungua kibanda saa moja asubuhi na kukifunga jua likizama. Hakunywa pombe ya komoni, hakucheza bao, na wanawake aliowatazama walikuwa wale waliokuja na redio. Hata hivyo rafu ilikuwa na redio kumi na moja, na kila wiki zilitoka mbili, zikaingia tatu.

Zamani, alipofanya kazi kiwandani, alikuwa na king'ora. King'ora kilimwamsha, kikampeleka kula, kikamrudisha kazini, kikamwachia aende nyumbani. Tangu apunguzwe kazi, miaka miwili sasa, alikuwa bosi wa nafsi yake, na bosi huyo alikuwa mpole kupita kiasi.

"Saa zake zinakwenda wapi?" Frida alijiuliza usiku kucha. Alikuwa mwanamke ambaye akisikia mkwaruzo darini halali mpaka ajue ni panya au mjusi. Akaamua kwamba Jumanne atamtazama mumewe kutwa nzima, jicho moja kwenye mafuta, jingine kwake.

Saa ya mkononi hakuwa nayo. Alikuwa na chuma chake cha vitumbua, chenye mashimo saba, na chuma hicho hakikuwahi kumdanganya: tangu uji unamiminwa mpaka vitumbua saba vinatoka, muda ni ule ule, leo na kesho. Frida alipima kila kitu kwa vyuma. Kutoka nyumbani hadi sokoni, vyuma vitatu. Mahubiri ya padre mgeni, vyuma sita.

Asubuhi ile Raimundi alichukua redio ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Aliifungua, akainusa, akagusa hapa na pale kwa ncha ya bisibisi, akakunja uso, akachomelea mahali pamoja. Vyuma viwili, basi. Frida akaona fahari, maana mumewe alikuwa fundi kweli, hakubahatisha. Kisha Raimundi akachukua mawe yake ya kujaribia, betri sita alizozifunga kwa mpira wa baiskeli, akayaunganisha. Redio ikakohoa, ikasema Kiswahili safi cha Dar es Salaam. Imepona. Kilichobaki ni kuifunga skrubu nne na kuiweka upande wa zilizopona.

Lakini mkono wa Raimundi ukaenda kwenye kinobu cha kutafutia stesheni.

"Najaribu tu na bendi hizi nyingine," alisema, bila kuulizwa na mtu.

Sauti zikaja na kupotea. Mtu akasema maneno mawili ya Kiarabu. Kengele ikalia. Kisha akatokea mwanamume mmoja anayesema polepole, kwa huzuni, lugha ambayo Ifakara nzima haikuwa na mtu wa kuijua, na nyuma yake mwanamke akiimba. Raimundi akainamisha kichwa, akasogeza sikio. Akatoa daftari kwenye droo, akaandika namba na saa. Alikuja kijana na redio yake mgongoni, akauliza fundi yupo. Fundi aliyekuwa mbele yake akamwonyesha kiganja, ngoja kidogo. Kijana akangoja, akachoka, akaondoka na redio yake. Chuma cha tatu kikatoka, cha tano, cha nane.

Kwenye chuma cha tisa Frida alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Baba Edna, huyu anasema nini?"

"Sijui."

"Ni lugha gani?"

"Nadhani ya Uturuki. Au Bulgaria. Sijui."

"Umemsikiliza vyuma tisa na hujui anasema nini?"

"Ndiyo maana namsikiliza, Mama Edna. Ningejua ningezima." Alisema bila mzaha, macho yakimng'aa. "Sikiliza. Huyo mama anayeimba, unadhani kwao sasa ni mchana? Unadhani anajua kwamba yuko Ifakara, anasikilizwa na watu wanaochoma vitumbua?"

Frida hakutaka kucheka, akacheka. Akasikiliza pia, na kweli mama yule alikuwa na sauti. Kisha akakumbuka kilichomkalisha pale.

"Na yule kijana aliyekuja?"

"Kijana yupi?"

Hapo Frida alielewa. Mumewe hakuwa akimpuuza mtu; alipokuwa ndani ya redio, hakuwepo kabisa. Raimundi alitazama barabara, akatazama jua lilipofika, uso ukamwanguka.

"Naanza kwa kujaribu," alisema kwa sauti ya chini, Mtoro asisikie. "Najiambia, dakika moja tu. Nikiinua kichwa, watoto wanatoka shule. Hata mimi sijui saa zinakwenda wapi. Ningejua ningekwambia."

"Na redio ya bibi? Hicho kifaa cha Morogoro?"

Akaokota bisibisi mezani.

"Baba Edna."

"Ya bibi ni waya tu. Panya ameukata. Kazi ya robo saa."

"Robo saa! Na mama wa watu anavuka mto mwezi na nusu?"

"Ndiyo maana yenyewe. Ni nyepesi. Nikasema nitaifanya wakati wowote." Akafuta bisibisi kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Wakati wowote haujafika."

Frida akamweleza habari za Damiani, taratibu, neno kwa neno. Raimundi alizima redio ya mwalimu.

"Hakuniambia," alisema.

"Ulimuuliza?"

Akaanza kuapa. Aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba kuanzia kesho hatagusa kinobu. Frida akamkatiza: "Viapo vyako nina gunia zima, vingekuwa mpunga tungeshauza. Lete mawe."

"Mawe gani?"

"Ya kujaribia. Kuanzia leo yanakaa kwangu, humu kapuni. Ukimaliza redio, unaileta hapa jikoni kwangu, tunaiwekea mawe mbele ya macho yangu. Ikishasema Kiswahili, imepona. Mawe yanarudi kapuni."

"Mbele ya watu?"

"Kwani hao wateja waliorudi mikono mitupu ni mbuzi?"

Raimundi akayatazama mawe yake sita kwa muda mrefu. Kisha akayatoa yeye mwenyewe, bila kusukumwa, na Frida akampenda kwa hilo.

*

Jumatano alianza na redio ya bibi. Kazi ya robo saa! Alipofungua ubao wa ndani alikuta panya hakukata waya tu, alikuwa amejenga. Kulikuwa na pamba, maganda ya mpunga, na uzi unaovuta mshale wa stesheni umeliwa wote. Robo saa ikawa asubuhi nzima. Mara mbili aliibeba redio ile mikononi kutoka kibandani hadi jikoni, mara mbili Frida akatoa mawe kapuni, na mara mbili redio ikatoa mvumo mtupu mbele ya akina mama waliokuja kununua vitumbua.

"Jamani!" Mtoro alipiga kelele kutoka barazani. "Fundi amenyang'anywa pasipoti!"

Akina mama wakashikana mabega kwa kucheka. Masikio ya Raimundi yakawaka moto. Frida aliona jinsi alivyoubana mdomo, na moyo ukamuuma, maana hata mke anayejua anachokifanya hapendi kuona mumewe akichekwa. Alitamani kumrudishia. Hakumrudishia. Raimundi akageuka na redio yake, akarudi mezani, akainama. Hakuna sauti ya Uturuki iliyomwita, hakuna wimbo. Kulikuwa na waya, na uzi, na jua likipanda.

Saa saba mchana akaja mara ya tatu. Frida akaweka mawe. Redio ikanguruma, ikatulia, sauti ya mtangazaji ikatoka safi kabisa, kila neno na mahali pake.

"Imesema," alisema Raimundi, akipangusa jasho. "Toa mawe."

"Ngoja."

"Mama Edna, imeshasema Kiswahili. Sheria ni yako mwenyewe."

"Ngoja kidogo, nimsikie huyu."

Yalikuwa matangazo ya vifo. Mtangazaji alisoma majina taratibu: marehemu wa Kondoa, marehemu wa Nachingwea, habari ziwafikie fulani wa Tukuyu na fulani wa Bukoba popote walipo. Frida hakumjua hata mmoja. Hata hivyo hakuweza kunyoosha mkono. Alitaka kujua huyu wa Kondoa aliacha watoto wangapi, na huyo wa Bukoba kama atapata gari. Vitumbua vikaanza kutoa moshi. Chuma kizima kikaungua, yeye amekaa na kijiti mkononi, na Raimundi anamtazama akianza kutabasamu, maana sasa hayuko peke yake.

Ndipo sauti ikasema: "Bwana Evaristo Lyampawe wa Morogoro anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi, mzee Damiani Lyampawe, kilichotokea jana. Mazishi yatafanyika kesho Alhamisi, saa nane mchana, kijijini kwao Mahenge. Habari ziwafikie dada wa marehemu, Emerensiana wa Lupiro..."

Tabasamu la Raimundi likafa. Frida aliona midomo yake inarudia jina lile bila sauti.

"Yuko dunguni tangu jana," alisema Frida. "Hatajua. Gari la maiti litapita kesho barabarani, yeye yuko shambani anafukuza ndege, na hatajua."

Raimundi hakusema ngoja nimalize hii. Hakusema kesho asubuhi. Aliingia kibandani, akatoka na baiskeli na kamba ya kufungia. "Panda," alisema.

Mtoro alikuwa ameshasimama. Safari hii hakuwa na neno la kuchekesha. "Innalillahi," alisema. Akaingia dukani, akatoka na mawe sita mapya. "Mpelekeeni na haya. Nendeni, kibanda na Edna niachieni mimi."

*

Kivukoni walingoja malori mawili yapangwe kwanza. Raimundi alisimama ameishika redio kifuani, akiutazama mto uliojaa, mpaka walipofika ng'ambo. Barabara ya Lupiro ilikuwa na matope. Mara walipanda, mara walishuka wakasukuma. Frida alikaa nyuma na redio mapajani, akipanga maneno. Kifo hakitupwi mlangoni. Unasalimia, unapewa pa kukaa, unaulizwa habari za huko, ndipo unasema.

Walimwona kwa mbali, jua likiwa limeshaanza kulala, amesimama juu ya dungu lake la miti, akivuta kamba zilizofungwa makopo shambani kote. Makopo yakalia, wingu la ndege likainuka, likazunguka, likatua mbele kidogo. Naye akavuta tena. Alipowatambua alishuka ngazi upesi kuliko umri wake.

Maneno yote ya Frida yakaharibika, kwa sababu bibi aliona redio kwanza.

"Imepona!" Akapiga makofi. "Jamani watoto wangu! Mmenifuata nayo mpaka huku porini? Hebu niisikie." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

Raimundi akauwekea mkono wake juu, polepole.

"Bibi. Tuketi kwanza."

Bibi Emerensiana alimtazama, akamtazama Frida. Kelele za ndege zilijaa kila mahali.

"Imeshasema," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Imesema, bibi."

"Damiani."

"Ndiyo, bibi. Jana. Mazishi kesho saa nane, kwenu Mahenge. Gari litapita barabarani asubuhi."

Akakaa chini pale pale, kwenye matuta. Alihesabu kitu kwenye vidole, asubuhi, barabara, saa nane. "Nitawahi," alisema. "Nitamzika mdogo wangu." Kisha akajifunika kanga usoni, akalia, na Frida akakaa ubavuni kwake akalia naye.

Raimundi alibaki amesimama. Alipoona kilio kimepungua alipiga goti.

"Bibi, hapakuwa na kifaa cha Morogoro. Nilikudanganya. Ulikuwa waya tu, na uzi."

Bibi alifuta macho. Akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake.

"Ungeniambia ni waya," alisema, "ningekaa pale pale mezani kwako nikakungoja."

Raimundi aliinamisha kichwa, na Frida alijua kwamba maneno yale hayatamtoka mumewe maisha yake yote.

Ndege walikuwa wametua. Bibi akaangalia shamba, na hofu nyingine ikamwingia usoni. Siku tatu za matanga bila mtu wa kuamia, huo mpunga wa mwaka mzima ungebaki makapi. Jirani zake wote walikuwa kwenye madungu yao, kila mmoja na ndege wake.

"Nitaamia mimi," alisema Raimundi.

"Wewe? Kazi hii inaanza kabla jua halijatoka, mwanangu, mpaka litue. Ndege hawana ngoja kidogo."

"Najua, bibi."

Bibi akamtazama tena, akapima. Hakuwa na mtu mwingine. "Basi redio ibaki nawe, uchangamke."

Raimundi akaigeuza ile redio, akafungua nyuma, akatoa mawe mapya ya Mtoro moja moja, yote sita. Akamwekea Frida mkononi. Kisha akapanda ngazi, akashika kamba, na makopo yakaanza kulia.

*

Asubuhi Frida alilisimamisha gari la maiti barabarani na bibi akaingia, akashika ubao wa jeneza kwa mkono mmoja. Frida alipata lifti ya lori la mbao, akafika Ifakara kabla ya saa sita. Alifungua kibanda ili wenye redio wasione kimefungwa. Akakaa kwenye kigoda cha mumewe, mahali ambapo hajapata kukaa, akavuta droo.

Daftari lilikuwa limejaa. Kairo, saa na namba. Kolon, Beijing, Moskva, na nyingine zisizo na jina, zimeandikwa "mama anayeimba" au "mzee mwenye kikohozi". Alihesabu arobaini na tatu. Akalipitia tena kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kitu kimoja, na hakukiona. Akachukua penseli, akaandika chini kabisa kwa herufi kubwa: DAR ES SALAAM, VIFO, SAA SABA MCHANA.

"Shemeji!" Mtoro aliita barazani, kwa mazoea, kahawa mkononi. "Leo fundi yuko nchi gani?"

Frida akafunga daftari.

"Yuko Lupiro," alisema. "Anaamia ndege. Atarudi Jumapili."

Mtoro akanywa kahawa yake, akatikisa kichwa, wala hakucheka.

Saa ileile akaja yule kijana wa Jumanne, redio mgongoni, akauliza kama fundi yupo. Frida akamwambia kweli: hayupo, kazi itaanza Jumatatu, na anayetaka kungoja angoje nyumbani kwake. Kijana akafikiri, akaiacha redio.

Frida akaiweka mezani, akaenda kuwasha moto. Uji wa vitumbua ulikuwa umeshaumuka.